Kaunda Huku, Kaunda Kule

Sarafu yenyewe ilinifikia gizani, pale Kashikishi, Nchelenge, umeme ukiwa umekatika na mimi nina haraka ya kununua mkate kabla mwenye duka hajafunga. Ilikuwa Aprili 2025. Tarehe 31 Machi Benki ya Zambia ilikuwa imetoa fedha mpya, na kwacha 2 na kwacha 5, ambazo tulizizoea zikiwa noti, zikageuka sarafu. Wiki zile mtu akikuwekea kiganjani kitu cha duara, cha baridi, usichokifahamu, unashukuru tu. Niliambiwa ni kwacha 5. Nikashukuru.

Asubuhi nikaitazama vizuri. Ilikuwa sarafu kuukuu, na juu yake Kenneth Kaunda, rais aliyetoka madarakani 1991. Nikaigeuza nione thamani yake. Kaunda. Nikaigeuza tena, taratibu, kama mtu anayetaka kumshtukiza. Kaunda yuleyule. Thamani haikuandikwa popote. Nimepokea pesa isiyosema yenyewe ni shilingi ngapi!

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nchelenge nimefuata chisense, samaki wadogo wa Ziwa Mweru ambao kwa ukoo ni ndugu wa dagaa wetu wa Tanganyika, ingawa huo undugu sishauri uutaje sokoni unapopatana bei. Ziwa hili lilishanichanganya siku ya kwanza tu. Niliambiwa mzigo unatoka Kilwa, nikawaza magofu ya kule kwetu Lindi. Kumbe hapa Kilwa ziko mbili: kisiwa upande wa Zambia, na mji upande wa Kongo. Mahali penye Kilwa mbili, sarafu ya vichwa viwili isingenishangaza. Lakini ilinishangaza, na mshangao ukazaa tamaa. Nilishasikia kwamba pesa iliyokosewa kiwandani huuzwa kwa mamilioni. Kufikia saa nne nilikuwa nimeshajenga nyumba ya vyumba vitatu Ujiji na nimeanza kugombana kimoyomoyo na fundi wa mabati.

Nikaipeleka kwa fundi saa, mzee aliyejifunza Kiswahili alipokuwa akifanya kazi Lubumbashi. Hakuuliza nimeipata wapi. Aliidondosha juu ya kioo cha meza yake: ta! Kisha akachukua sarafu nzima ya zamani kutoka kwenye kopo la vyuma chakavu, nayo akaidondosha: tiiing. Akanitazama. Nikajifanya sijasikia.

“Mwanangu, pitisha ukucha hapa,” akasema, akinionyesha kwa ndani ya ukingo. Ukucha ukakwama kidogo. Akanipa lenzi yake ya jichoni, na hapo nikauona mshono, mwembamba kama unywele, umeuzunguka uso wa Mheshimiwa Rais. Akanieleza. Mtu huchukua sarafu mbili. Ya kwanza huikereza upande wa nyuma mpaka ibaki kama kisahani chenye ukingo. Ya pili huikwangua kote, ibaki uso mtupu. Kisha ule uso hutumbukizwa ndani ya kisahani na kugandishwa. Kazi ya mtu wa mazingaombwe, au ya tapeli mwenye subira.

“Kwa hiyo thamani yake?”

“Wameharibu pesa mbili kupata moja isiyonunua kitu.”

Ile sarafu nzima ilikuwa ya ngwee 10: huku Kaunda, kule hondohondo na mdomo wake kama panga. Yangu ilimpoteza ndege wake kwenye mashine.

Njiani nikirudi nikakumbuka Sholay. Nani wa rika langu hajaiona? Ile filamu ya Kihindi ya 1975, Amitabh Bachchan anarusha sarafu kila wanapobishana na mwenzake, na mambo yanakuwa anavyotaka yeye, kumbe sarafu ina vichwa viwili. Kwamba steringi yule anakufa kabla filamu haijaisha, hilo sikulikumbuka. Niliwaza tu: kama haiuziki, na itumike.

Nafasi haikuchelewa. Chisense huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi; samaki hawaji. Asubuhi moja baada ya usiku kama huo, ufukweni lilibaki gunia moja, na wanunuzi wawili: mimi na mfanyabiashara kutoka ile Kilwa ya Kongo, mtu mzima, ambaye kwa heshima namwita Yaya.

“Yaya, tusigombane,” nikasema kwa upole wa fisi. “Turushe pesa. Kichwa au ndege.”

“Bien, mudogo. Mi nachagua kichwa. Ndege inaruka.”

Mkubwa kachagua. Katika hesabu zangu zote, kuanzia kwa fundi hadi ufukweni, sikuwa nimefikiria kwamba kwenye kurusha pesa mtu mwingine naye ana mdomo. Nikabaki na ndege ambaye hayumo duniani. Nikairusha hata hivyo, juu kabisa, nikiiombea ipotelee mchangani. Ikadondoka mbele ya miguu yake. Kaunda.

“Tufanye mara mbili kati ya tatu,” nikasema. Hadi leo sielewi kwa nini.

Alipomaliza kunishinda aliiokota, akaipapasa kwa kidole gumba kwa muda niliouona mrefu, akaniomba aichukue iwe ukumbusho wa Muzee Kaunda. Kwa mkubwa unakataaje?

Baada ya wiki tukakutana tena, gunia moja tena. Safari hii yeye ndiye aliyeingiza mkono mfukoni.

“Mudogo, leo anza weye.”

“Kichwa!” nikasema, sarafu ikiwa bado haijatoka mkononi mwake.

Ilitua juu ya gunia, na hondohondo akawa ananitazama.

“Ile ya Muzee wawili nimeiacha kwetu,” akasema, akiwa ameshainama kulifunga gunia lake. “Ni ya ukumbusho.”