Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Wanyamapori

YAH: MAOMBI YA KUWA MWINDAJI MPYA

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkulima wa mahindi na ufuta, jirani wa pori la akiba huku kusini mwa Tanzania. Babu yangu alikuwa mwindaji. Baba akawa jangili, pori lile lile, upinde ule ule. Mimi nataka kusafisha jina la ukoo kwa leseni, ndiyo maana nimekaa nikasoma masharti yenu.

Nimeelewa kwamba simba wa kuwindwa lazima awe dume, tena aliyetimiza miaka 6. Wataalamu wanasema umri wake husomwa puani: kadiri anavyokua ndivyo pua inavyoingia weusi. Sina ubishi. Naomba tu kujua mwindaji mgeni kama mimi asimame hatua ngapi anapoikagua pua hiyo, na kama simba ameshaarifiwa atulie.

Ni marufuku pia kuwinda usiku, kutega shimo au tanzi, kutia sumu, au kufyatua risasi ukiwa garini. Masharti mazuri, ila tembo hawakuyasoma. Wao huja usiku, ukoo mzima, bila kibali, na hakuna anayewauliza kitalu chao cha uwindaji ni kipi. Msimu huu wamenimalizia ekari 7.

Hapo ndipo nilipokutana na kanuni zenu za 2011 za kuwafariji walioharibiwa na wanyamapori. Zilipotoka, kifuta jasho kilikuwa cha shamba: kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5. Zile 2 zangu zilizobaki nadhani nililima bila kutoka jasho. Kifuta machozi kilikuwa cha msiba: shilingi 1,000,000 kwa mtu aliyeuawa. Mgeni wa kutoka ng'ambo akitaka kumpiga tembo huyo huyo, analipa maelfu ya dola. Mke wangu kaniuliza kwa nini sisi hatulipwi kwa dola. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitawaandikia.

Mwaka 2020 mlitoa kanuni za mabucha ya nyamapori, tule kihalali. Asanteni. Kijijini kwetu bado tunalisubiri bucha. Kwa sasa nyama inafika ikiwa hai, na yenyewe ndiyo inayokula.

Barua hii naiandika juu ya dungu, kwa mwanga wa tochi ya simu. Nawasikia tembo wanavunja mabua. Nina debe tupu na fimbo. Nijulisheni mapema kama kulipiga kunahitaji kibali.

Wenu mtiifu,
Mkulima asiye na kitalu