Namna ya Kupima Goti Bila Kupata Majibu

Ni raundi ya asubuhi Arusha, mwezi wa saba. Baridi imeshuka kutoka Mlima Meru, daktari bingwa yuko njiani, na kwenye mafaili yako sehemu ya refleksi bado nyeupe. Fuata hatua hizi, utamaliza kabla ya chai.

1. Usihangaike na nyundo. Nyundo ya mpira ya wodi iliazimwa zamani, na aliyeiazima keshahamishwa. Ukiikuta kwa bahati mbaya, ikamate shingoni na udonoe kama kuku kwenye mtama. Ukishika mwisho wa mpini na kuiacha ianguke kwa uzito wake, goti litajibu, na itabidi uandike ulichokiona.

2. Usimfunue mgonjwa. Mwache koko, yaani bibi, na kanga zake mbili na shuka la Kimasai juu. Paja likiwa wazi, unaweza kuona msuli ukijikunja hata kama mguu haukuruka.

3. Mwambie ajikaze. "Shikamoo koko" inapoteza muda, anza na "Kaza mguu!" Wenye nafasi humkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu ikining'inia, wakamuuliza habari za kahawa na migomba mpaka asahau kwamba ana mguu.

4. Gonga mfupa. Kano iko chini ya pia ya goti, pale kidole kinapobonyea. Wewe piga pia yenyewe. Akisema "Aii!" na kuvuta mguu, andika: limejibu.

5. Goti likinyamaza, andika sifuri. Usimwambie afumbate vidole vya mikono miwili na kuvivuta kwa nguvu wakati unagonga. Hiyo ni hila ya Ernő Jendrassik wa Hungaria, ya mwaka 1885, nayo imefufua magoti mengi yaliyokwisha kuzikwa kwenye faili.

6. Kwa waliobaki, jaza 2 kila mahali. Kipimo ni 0 hadi 4, na 2 ndiyo kawaida. Kulinganisha kulia na kushoto ni uchokozi. Kano ya kisigino iruke. Ikikosa kujibu pande zote mbili, utaanza kuulizia kisukari. Na mzee wa Maji ya Chai mwenye meno ya kahawia, miguu mizito na magoti yanayoruka kupita kiasi, usimfikirie sana. Utakumbuka floraidi iliyomo kwenye maji ya miteremko ya Meru, ambayo sehemu nyingine huzidi mbali kikomo cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita. Ikinywewa miaka mingi huweza kunenepesha mifupa ya mgongo hadi ikabana uti. Hapo utatakiwa kuomba picha, na foleni ya picha unaijua.

7. Usikanyage wodi ya wazazi. Huko mama mwenye kifafa cha mimba anachomwa magnesiamu salfeti, na kabla ya kila dozi mkunga anahesabu pumzi, anapima mkojo na kugonga goti. Goti likinyamaza, dawa imezidi: dozi inasimamishwa, kabla pumzi nayo haijasimama. Kalsiamu glukoneti iko tayari mezani. Ukimwambia mkunga huyo kwamba goti ni "kawaida", hatabisha. Atakuangalia mikono, kisha atasema:

"Sawa, daktari. Gonga tena nikiona."