Sifa za Mkojo wa Saa Tisa Usiku

Katika nyumba zetu kila mmoja ana anachokiogopa. Paka anaogopa kandambili, mpangaji anamwogopa mwenye nyumba, mwenye nyumba anamwogopa mkewe, na mtoto anawaogopa wote hao pamoja na fimbo iliyochomekwa juu ya mlango. Mkojo wa saa tisa usiku haumwogopi yeyote. Umeingia kwa mwalimu mkuu ukalowesha, kwa afande ukalowesha, kwa shehe na kwa mchungaji vilevile, bila hodi. Sijaona mtumishi wa umma aliyewahudumia wananchi kwa usawa kiasi hicho, na mpaka leo hajatokea wa kuusimamia na kuutolea sifa zake. Basi nipisheni.

Kazi yake ya kwanza ni kuwashusha wenye majivuno. Mnamjua yule mama (siku hizi na baba pia) ambaye mtoto hajafika hata miaka mitatu, lakini habari imeshafika kwenye kikoba, saluni na kundi la simu la ukoo: mwanangu ameacha pampasi! Poti ya plastiki imefanya kazi, makofi yamepigwa, shangazi ametuma pongezi. Usiku huo mtoto analazwa na chupi mpya yenye picha ya simba. Alfajiri simba anaogelea.

Mama huona amesalitiwa, kumbe hakuna aliyemsaliti. Mchana mtoto anafundishika kwa sababu yuko macho: anahisi, anabana, anakimbia. Usiku ni habari ya mwili kukomaa, na mwili haujali pongezi za shangazi. Ubongo hutoa homoni iitwayo vasopresini, ambayo usiku huongezeka ili figo zipunguze kazi. Kwa watoto wengine ongezeko hilo huchelewa, figo zikaendelea kuchapa kazi kama mchana. Kibofu nacho kina ukomo. Madaktari hukikadiria kwa hesabu nyepesi: umri wa mtoto jumlisha moja, zidisha kwa 30, jibu ni mililita. Wa miaka mitano ana nafasi ya mililita 180, ambayo ni kama nusu ya chupa ya soda, na mjomba amemnunulia chupa nzima saa mbili usiku. Juu ya hayo kuna usingizi mzito: kibofu kinaita, ubongo hauitiki. Ukiitika nusunusu ndiyo ile ndoto tunayoijua wengi, ya choo safi chenye mlango mzuri, ambacho umekihangaikia kwa muda mrefu na sasa umekipata.

Kwa hiyo kabla ya kutimiza miaka mitano mtoto anayelowesha kitanda hahesabiwi kuwa na tatizo lolote. Hata akiitimiza ana wenzake wengi: takriban 15 katika kila 100 wa umri huo. Kwenye miaka saba wanabaki kama kumi, maana yake darasa lenye watoto 60 lina vikojozi kama sita, wamekaa kimya, kila mmoja akiamini yuko peke yake duniani.

Hapa ndipo ukarimu wa mkojo wa usiku unapodhihirika. Kila mwaka, katika kila watoto 100 wanaolowesha, takriban 15 huacha wenyewe bila dawa wala dua, nao mkojo huondoka kimyakimya bila kudai sifa, ukamwachia sifa hizo mtu yeyote aliyekuwa karibu. Ndivyo waganga wa nchi zote walivyotajirika. Plinius wa Roma, katika karne ya kwanza, aliandika kwamba watoto walishwe panya wa kuchemsha. Mwaka 1545 tabibu Mwingereza Thomas Phaer alishauri unga wa koo la jogoo na wa kwato za mbuzi. Wape watoto 100 panya hao, subiri mwaka mmoja, nawe utapata mashahidi 15 watakaokuapia kwamba panya anatibu. Hata jogoo wa Phaer hakufa bure.

Kwetu tuliambiwa ukichezea moto mchana, usiku utakojoa kitandani. Usemi huu nauheshimu kuliko panya. Haukumponya mtu, lakini nani atahesabu mapaa ya makuti yaliyonusurika kwa ajili yake?

Tatizo ni kwamba dawa yetu kuu haikuwa hiyo. Ilikuwa aibu, na aibu isipotosha, fimbo. Kuna mitaa ambako mtoto alivishwa mkeka wake na kuzungushwa nyumba hadi nyumba, wenzake wakimwimbia. Mkojo ulihudhuria sherehe hizo, ukasikiliza nyimbo zote mpaka mwisho, na usiku ukarudi kazini. Haukuwa ubishi. Aliyelala hajui kama kuna fimbo juu ya mlango, na anayelala akiitetemekea huamka na mambo mawili badala ya moja: shuka mbichi na tumbo la hofu. Namsifu mhusika wangu kwa hili kuliko yote, kwamba amechapwa karne nyingi bila kukubali hata siku moja kwamba kiboko ni mwalimu wake.

Sifa za kielimu nazo ziko. Watoto wenyewe husema fulani amechora ramani, na wachoraji wetu wana kipaji: leo Ziwa Viktoria, pana, lenye ghuba kila upande, kesho Tanganyika, refu na jembamba kutoka mgongoni hadi visiginoni. Sheria pia hufundishwa humo humo. Weka watoto watatu kitanda kimoja, wawili upande huu na mmoja mzungu wa nne. Mwenye ziwa ndiye wa kwanza kuamka, kwa sababu joto limegeuka baridi, na akiwa na akili humsogeza taratibu binamu aliyekuja likizo mpaka katikati ya maji, yeye akahamia nchi kavu. Alfajiri binamu anasimamishwa mbele ya mahakama ya shangazi, ushahidi umemlowa mwili mzima, wakili hana.

Kilimo sitakitaja sana, ila mfuko wa mbolea ya urea umeandikwa 46 kwa sababu asilimia 46 yake ni naitrojeni, na mkulima huununua kwa fedha taslimu. Urea hiyohiyo mtoto huitoa bure kila usiku. Kosa lake ni kuipandia sponji badala ya mahindi.

Wazazi nao hugeuka mafundi. Aliyeelewa mapema hutandika nailoni, juu yake shuka, kisha nailoni nyingine, kisha shuka nyingine. Saa tisa usiku hachemki wala hawashi taa zote. Anavua tabaka la juu, anamfuta mtoto, anambadilisha, na watu wanaendelea kulala. Godoro kavu halihitaji kuanikwa uani, na lisipoanikwa mpangaji wa chumba cha pili hana cha kuuliza. Fundi huyohuyo hakuivua pampasi ya usiku kwa sababu ya mtoto wa jirani. Aliiona ikiamka kavu asubuhi nyingi mfululizo, ndipo akaiweka kando.

Hamnyimi mtoto maji, kwa sababu anajua mtoto anayeshinda shuleni na koo kavu hulipiza kisasi jioni kwa jagi zima. Anamnywesha vizuri tangu asubuhi na mchana, anapunguza baada ya chakula cha jioni, na chai ya rangi ya usiku anaiondoa mezani kabisa. Anampeleka kukojoa anapoanza kujiandaa kulala, kisha tena anapopanda kitandani. Mboga za majani na matunda hazikosekani, maana kinyesi kigumu kilichojaa nyuma hukibana kibofu kilicho mbele. Na ikiwa choo kiko nje, ng'ambo ya uani, kwenye giza, na jioni hiyo kaka mtu alisimulia habari za popobawa, poti inawekwa kando ya kitanda. Mtoto wa miaka mitano anayechagua kulowa kuliko kukutana na popobawa amefikiri sawasawa.

Wapo wanaombeba mtoto saa tano usiku, wakamsimamisha chooni amefumba macho, akakojoa akiwa bado ndotoni. Kitanda kinabaki kikavu, na mwenye kulala mnono akalala. Lakini aliyejifunza kuamka usiku hapo ni baba.

Jambo lililonifurahisha zaidi katika historia yote hii ni kwamba tiba yenye nguvu mkojo uliigundua wenyewe. Mwaka 1904 daktari wa watoto wa Austria, Meinhard von Pfaundler, alieleza kifaa chake cha kitandani: shuka ikilowa, umeme unapita, kengele inalia, muuguzi anakuja kubadilisha. Nia ilikuwa kumwarifu muuguzi tu. Watoto wakaanza kukauka. Mwaka 1938 Orval Hobart Mowrer na mkewe Willie Mae huko Marekani waliifanya kuwa tiba rasmi, na hadi leo kengele ya namna hiyo huwasaidia takriban thuluthi mbili ya watoto wanaoitumia kwa miezi michache. Onesheni mhalifu mwingine anayejipigia kengele mwenyewe! Wiki za mwanzo, kweli, wanaoamka ni wote isipokuwa mtoto, na katika nyumba ambayo kuta za vyumba hazifiki darini, wapangaji wote hushiriki matibabu.

Utani nauweka pembeni kwa aya moja. Mtoto aliyekaa mkavu miezi sita au zaidi kisha akaanza upya, anayekunywa maji bila kushiba na kukonda, anayelia akikojoa, mwenye homa, anayetoa mkojo wenye damu au anayelowa na mchana, huyo si wa kusifiwa wala kusubiriwa. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, huenda ni kisukari, na kisukari kwa mtoto hakingoji wiki ijayo. Apelekwe hospitali. Na kwa aliyevuka miaka saba huku jambo lenyewe likimnyima raha au likimzuia kwenda bweni, daktari ana zaidi ya maneno: ipo desmopresini, inayoiga ile homoni iliyochelewa, nayo hutolewa kwa masharti ya kunywa maji kidogo sana usiku huo.

Imebaki sifa moja, ya kutunza kumbukumbu za ukoo. Ikiwa mzazi mmoja alikuwa kikojozi, mtoto ana nafasi inayokaribia nusu ya kumrithi. Wakiwa wazazi wote wawili, inafika kama robo tatu. Mwaka 1995 watafiti wa Denmark wakiongozwa na Hans Eiberg walizifuatilia familia za namna hiyo mpaka kwenye kromosomu ya 13. Bibi zetu walishafika huko bila maabara. Baba anafura uani, mkanda mkononi, akitaka kujua mtoto huyu amechukua wapi tabia hii, kwa sababu kwao haipo. Bibi anaendelea kupeta mchele. Akimaliza ungo mmoja anasema, bila kuinua macho: "Mchape, mwanangu, mchape. Lakini lile godoro lako la sufi tulilichoma ukiwa darasa la tano, na la pili tukakushonea la majani."

Baba anavaa mkanda wake. Kisha anauliza nailoni ya kitandani siku hizi ni shilingi ngapi kwa mita.