Wenye Karatasi Hawanywi

Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe ya Edwin Semzaba, iliyotoka 1988, imepita mikononi mwa watahiniwa wengi wa kidato cha nne, na wote wanajua kisa chake. Karani wa sensa anafika kijijini, anampenda Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi, pombe inaingia, na karatasi za serikali zinaishia motoni. Jibu la mtihani ni kwamba mwandishi anakemea uzembe kazini.

Ili tasnifu yangu isifanane na majibu ya mtihani, msimamizi alinishauri nitumie nadharia ya upokezi. Maana yake nipande kijijini nikawaulize watu wanaipokeaje kazi hiyo. Akaninyooshea kidole Kibosho, kule mlimani, kupitia dirishani, kama anayemwelekeza mgeni chooni.

Ilikuwa Septemba 2022. Sensa ilikuwa imefanyika Agosti 23, kwa hiyo pale mlimani uvumilivu kwa mtu mwenye faili na kalamu shingoni ulikuwa umekwisha. Katika kihamba cha kwanza, yaani nyumba na shamba lake la migomba, kabla sijamaliza shikamoo, mama mwenye nyumba alinikatisha: “Sisi tulishahesabiwa, mwanangu. Mpaka ng’ombe.”

Nikamwambia mimi si karani wa sensa. Natafiti kitabu kinachomhusu karani wa sensa.

“Si ni yale yale,” akasema, akaendelea kukata majani.

Kihamba cha pili kilikuwa na neema. Wazee wamekaa chini ya migomba, pombe ya mbege ipo na kata inazunguka. Mwenye mji alikuwa na mjukuu wa kidato cha tatu aliyemsimulia tamthiliya yote, tena kwa kuigiza.

“Wewe ndiye wa Ngoswe?”

“Ndiyo, Mzee.”

“Mama, huyu mletee chai.”

Kata ikapita mbele ya pua yangu ikaenda kwa jirani wa kushoto, ikarudi, ikanipita tena. “Wenye karatasi hawanywi,” Mzee akafafanua. “Tunajua yaliyompata mwenzako.” Nimesoma makala nyingi zinazodai kwamba fasihi hubadili tabia za watu. Sijawahi kukutana na ushahidi ulio wazi kuliko ule, wala uliopoa haraka kama ile chai.

Lakini walijibu, na walijibu vizuri kuliko vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa mjini, ambavyo vimenakiliana mpaka makosa ya uchapaji. Nilipouliza kosa ni la nani, mmoja alimtetea Mitomingi: mtu amechukuliwa binti, ulitaka achome nini, migomba? Mwingine akasema Ngoswe mwenyewe hana hatia kubwa. Kosa ni la aliyempangia kazi. Kijana hana mke, unamtumaje peke yake nyumba yenye msichana, halafu unataka takwimu? Chuoni tulikuwa tukibishana kuhusu wahusika bapa na wahusika duara. Hakuna aliyewahi kumuulizia bosi wake Ngoswe. Hoja hiyo ndiyo iliyoibeba sura yangu ya nne.

Ilibidi niikumbuke kichwani, kwa sababu madodoso niliyoandikia majibu yao hayakufika mjini salama. Laiti mtu angeyachoma moto! Ningepata ulinganifu ambao hata mtahini wa nje angeupigia makofi. Yalilowa tu kwenye bodaboda, manyunyu ya mlimani yakanikuta njiani, na wino ukahamia kwenye shati.

Tasnifu ilipokamilika, zikabaki kazi za steshenari. Kijana wa pale ni mkarimu kupita kiasi. Nilimwachia flashi aichape na kuijalidi, naye akaona kompyuta imepigia mistari myekundu karibu kila neno. Akadhani ni makosa yangu. Kwa huruma, na bila kunitoza hata senti, akaikubalia mashine kila ilichopendekeza. Maneno mengi yalinusurika, kwa kuwa mashine haikuwa na la kupendekeza. “Dhamira” haikunusurika.

Msimamizi aliniita baada ya kuisoma tasnifu. Alisifu hoja ya wazee wa Kibosho, akasema haijapata kuandikwa. Kisha akaifunua katikati.

“Huyu Samira ni nani? Kuna Samira kuu ya mwandishi, halafu kuna Samira ndogondogo nne, na kwenye orodha ya wahusika hayumo hata mmoja.”

Nikafungua mdomo nieleze habari za steshenari, lakini alikuwa ameshafika ukurasa unaofuata.

“Na hapa unasema Ngoswe alikuwa na Samira tangu siku ya kwanza. Mazoea alilijua hilo?”