Jinsi ya Kulikamua Jiwe Bila Kudanganyika

Wewe wa Mpanda unayetaka kulikamua jiwe likupe gesi iliyofungiwa ndani yake, anza kwa kulichagua. Miamba yetu ya Ubende imekunjwa na kupikwa tangu takriban miaka bilioni 1.9 iliyopita, majimaji yake yana historia ndefu mno kwa mwanafunzi. Nenda Lashaine, karibu na Monduli. Volkano ile ilipandisha vipande vya koti la dunia, yaani tabaka lililo chini ya ganda tunalolikanyaga. Olivini ya miamba ya aina hiyo huweza kufungia vitone vya hewa ya ukaa visivyoonekana bila hadubini.

Nyundo iweke kando. Sugua kipande pande zote mbili mpaka kipitishe mwanga, kigandishe kwa naitrojeni ya kimiminika, kisha kipashe moto polepole. Vitone vikiyeyuka kwenye nyuzi 56.6 chini ya sifuri, hiyo ni hewa ya ukaa safi. Vikiyeyuka mapema zaidi, kuna mgeni ndani, pengine methani au naitrojeni. Simu izime: nyuzi hizo hazikusubiri. Baada ya hapo mwanga wa leza, kwa mbinu ya Raman, utakuonyesha msongamano wa gesi bila kupasua kitone.

Kati ya gesi za jiwe, heliamu ndiyo inayotaka subira. Chambua punje safi za olivini moja moja kama mama anavyochambua mchele wa wageni, zioshe kwa asetoni, zifungie kwenye chombo cha chuma na uiondoe hewa yote. Sasa ponda. Usiyeyushe! Ukiyeyusha, utatoa pia heliamu iliyozaliwa ndani ya fuwele kutokana na urani na thori. Wala usiokote jiwe lililolala juani enzi na enzi, kwa kuwa miali ya angani huzalisha heliamu-3 ndani yake.

Kisha linganisha heliamu-3 na heliamu-4. Hewani, uwiano ni kama 1.4 kwa milioni. Chini ya migongo ya bahari, koti hutoa karibu mara nane ya huo. Gesi ya bonde la Rukwa, jirani yetu, iliyotangazwa mwaka 2016 na watafiti wa Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One, ina uwiano ulio chini sana ya ule wa hewa: sehemu kubwa yake imetoka kwenye ganda la kale, si kwenye koti. Anayekuambia vinginevyo kijiweni, mdai kipimo.

Ukipata uwiano sawa na wa hewa, usiite waandishi wa habari. Kagua vali kwanza. Na kwa kuwa punje iliyopondwa hairudi, nusu ya jiwe lako ibaki nyumbani, imeandikwa mahali ilipotoka.