Mjomba, Vuta Harufu Kwanza

Mtu akikununulia bia, kazi yako ni kumshukuru na kunywa. Ndivyo nilivyolelewa Kibosho, na sikuona sababu ya kubadili utaratibu huo mpaka nilipokwenda Ubelgiji kumtembelea mpwa wangu. Kule bia hainywewi, inahojiwa. "Mjomba, vuta harufu kwanza," ananiamuru kijana niliyemfuta kamasi kwa mikono hii. "Unasikia nini?"

Nasikia kiu.

Bia yenyewe ni Leffe Blonde, ambayo Brussels huhitaji kuulizia njia ili uipate. Rangi ya dhahabu, kilevi asilimia 6.6, chupa ya sentilita 33. Kuifikisha mezani ndiyo shughuli. Baa tuliyoingia bia ilikuwepo tele, ila glasi zake zilikuwa hazijaoshwa, na mhudumu akakataa katakata kuimimina kwenye glasi ya bia nyingine. Ubelgiji kila bia ina glasi yake, na ya Leffe ina umbo la kalisi ya misa. Nikajitolea kunywea chupani. Mpwa wangu akaniangalia kwa jicho la kuniomba nisimwaibishe mbele za watu. Basi tukasubiri kalisi zioshwe huku tukitafuna vipande vya jibini vya kuchovya kwenye haradali. Zilipofika, mhudumu akatoa kisu akakata povu lililozidi. Kisu, kwenye bia! Kwetu kisu kinakuja na mbuzi.

Haya, nikavuta harufu. Ndizi mbivu, tena zilizoiva kupita kiasi, na nyuma yake karafuu. Mpwa akafurahi kama amepata cheti, akanieleza kwamba mle ndani hakuna ndizi wala karafuu. Ni hamira tu: hamira ya bia za namna hii huchachua kwenye joto kubwa kuliko ile ya laga zetu, na katika kazi hiyo inatoa harufu hizo yenyewe. Yaani Mchagga mzima nimepanda ndege usiku kucha kwenda kunusa ndizi isiyokuwepo. Pombe yetu ya mbege ikinuka ndizi ni kwa sababu kuna mtu alikata mkungu, akamenya, akapika, akaacha zichache, akatia uji wa kimea cha ulezi. Ukitaka uchungu, lipo gome la msesewe. Nikageuza chupa nisome viungo: maji, kimea cha shayiri, mahindi. Mahindi! Yale ya ugali yamo, ndizi ndiyo haimo.

Funda la kwanza sina ugomvi nalo. Ni tamu, lina uzito, asali kidogo kwa mbali, halafu unakuja uchungu mwembamba wa kuusafisha ulimi. La pili pia. Tatizo ni kwamba bia hii haitaki haraka, na ukiipa muda inapata joto. Ikipata joto, utamu unaganda kwenye kaakaa na ile ndizi inakaa mdomoni hata ukiomba ihame. Kufika nusu ya kalisi nilikuwa natafuta maji. Mpwa anasema hapo ndipo ladha "zinapofunguka". Kwa maoni yangu zilikuwa na adabu zaidi zilipofungwa.

"Taratibu, Mjomba, hii ni kali." Nikapiga hesabu kwenye kitambaa cha karatasi. Asilimia 6.6 ya sentilita 33 ni kama mililita 22 za kilevi. Bia yetu ya Safari ya nusu lita, asilimia 5.5, ni mililita 27 na nusu. Sasa nani amwambie nani taratibu?

Halafu kuna hadithi ya watawa, ambayo lazima uisikilize, maana imo kwenye bei. Abasia ya Leffe ipo kweli, Dinant, kando ya mto Meuse. Ilianzishwa mwaka 1152, na watawa wake walikuwa wakipika bia tangu 1240. Mapinduzi ya Ufaransa yakawatimua. Watawa walirudi mwanzoni mwa karne ya 20, bia ikachelewa mpaka 1952, Abate alipopatana na mpikaji bia aitwaye Lootvoet: wewe pika, sisi tunakupa jina, na chetu kitufikie. Simlaumu Abate. Mwenye majengo ya karne hizo anajua bei ya paa. Ila leo bia hiyo inatoka Leuven, kwenye kiwanda kinachopika Stella Artois, mali ya AB InBev.

Na AB InBev ndio haohao waliommeza SABMiller mwaka 2016, Kampuni ya Bia Tanzania, wapikaji wa Safari, ikiwa tumboni. Kwa hiyo Leffe na Safari ni watoto wa baba mmoja. Mmoja kapewa kalisi, abasia na miaka mia nane ya historia. Mwingine kapewa meza ya plastiki na swali moja tu: ya baridi au ya moto?

Nilipomweleza mpwa haya, akaona ananituliza. "Basi kesho tunakunywa Orval, Mjomba. Hiyo inapikwa ndani ya kuta za watawa wenyewe, Watrapisti."

"Chupa yao ni ya kiasi gani?"

"Thelathini na tatu."

"Na glasi?"

"Wana ya kwao."

Nikamwambia awapigie simu leoleo, waanze kuiosha.