Waraka kwa Papa Aliyechukua Gari Langu la Zamani

Papa Mheshimiwa,

Nakuandikia mbele ya watu kwa kuwa katika wauza magari wa Makiso, hapa Kisangani, sijaona mwenye kumbukumbu nzuri kama yako. Siku tuliyobadilishana magari, kasoro za gari langu hukusahau hata moja. Naamini na ahadi zako unazikumbuka.

Kwanza, nalisifu jicho lako. Ulilala chini ya gari langu kuukuu, ukakwangua kutu, ukatikisa magurudumu, na kila ulichokikuta ukakikata katika bei, dola kwa dola. Ulikuwa na haki. Gari lililozeekea mashimo ya mitaa ya Mangobo halifichi umri wake. Ila jicho hilo hukuligeuzia gari lako, nami ulinihimiza nisilipeleke kwa fundi kwa sababu neno lako latosha.

Pili, ulinieleza kwa ufasaha kwamba gari lako lilipanda tishari kutoka Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,700 za mto, bila kuonja barabara mbovu. Fundi niliyemwonyesha baadaye alikuta udongo mwekundu umegandamana ndani ya fremu na springi imekatika. Hizo ni habari za barabara ya taifa namba 4: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Njia hiyo si aibu, magari mengi ya mji wetu yamepita huko. Ningelichukua hata hivyo, lakini kwa bei ya gari lililopita huko.

Tatu, uliniahidi cheti cha Japani. Ulijua thamani yake: kule gari hukaguliwa baada ya miaka 3 ya kwanza, kisha kila miaka 2, na kilomita zake huandikwa. Cheti hicho kingesema kama saa ya kilomita ya gari hili ni ya kweli, maana pedali zimelika kuliko saa inavyokiri. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyokwishatumika yaliuzwa nje ya nchi zao, na asilimia 40 kati yake yakaja Afrika. Sisi tunaoyapokea hatuna shahidi mwingine ila karatasi.

Nne, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Ulisema karti rozi, yaani kadi ya usajili, ya gari jipya itafuata upesi, na lile la zamani utalihamishia jina la mnunuzi. Kuliuza uliliuza upesi kweli. Leo linabeba abiria wa mtaa wa Plateau Boyoma likiwa bado na jina langu. Likimgonga mtoto wa mtu, nitakayetafutwa ni mimi. Na aliyekulipa fedha zake halali anaendesha gari ambalo kwa sheria si lake.

Papa, kubadilishana magari ni mauzo mawili ya siku moja. Ya upande wako, ya kupokea, uliyakamilisha kwa ustadi mkubwa. Naomba sasa uyakamilishe na ya upande wangu: nipe cheti, nipe karti rozi, utupeleke mimi na yule mnunuzi tukabadilishe jina, na bei ya springi uikate kwako kama ulivyokata kwangu. Ukifanya hayo, nitakuletea wateja mwenyewe. Usipofanya, watakaoniuliza gari nimelitoa wapi nitawajibu ukweli wote.

Wako mwenye heshima,
Mteja wako